Baada ya Bagamoyo, Msanii Hurudi Wapi?

Kijana wa Sumbawanga anayetaka kusomea sanaa hana budi kuihama Rukwa. Akitaka ngoma, uigizaji au muziki ataelekezwa Bagamoyo, kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Akitaka shahada atafunga safari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akitaka ualimu wa sanaa wazee watamtajia chuo cha Butimba, Mwanza. Njia ya pwani haina mkato: basi linapita Laela hadi Tunduma, linaingia Mbeya, na hapo bado kuna zaidi ya kilomita 800 kufika Dar es Salaam. Nyuma yake wazazi wanauza mahindi na maharage kulipa ada na pango la chumba. Miaka miwili au mitatu ikipita, anarudi na cheti, na swali la nyumbani huwa lile lile: kazi umepata wapi?

Swali la makala haya liko pembeni kidogo ya hilo. Msanii aliyehitimu anarudi kwenye nini?

Misaada mingi inayotangazwa kwa ajili ya wasanii vijana ni mafunzo. Kuna semina ya ujasiriamali, warsha ya siku tatu, kongamano la wadau, na mwisho wa yote cheti kingine cha kuweka juu ya kile cha kwanza. Mtu aliyekaa darasani miaka mitatu akijifunza kupiga marimba hakosi elimu ya marimba. Anachokosa ni marimba yenyewe, chumba cha kuipigia bila jirani kulalamika, mtu wa fani aliyemtangulia wa kumwambia ukweli, na mteja. Hayo yote yanatakiwa yawe karibu naye, kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tulifikaje hapa? Baada ya uhuru Serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na baadaye vikafuata vya sarakasi na maigizo. Wanasarakasi wa mwanzo walikuwa vijana waliopelekwa China katika miaka ya 1960 kujifunza. Wasanii hawa walikuwa waajiriwa; mcheza ngoma alisubiri mwisho wa mwezi kama karani wa wizara. Mwaka 1980 vikundi hivyo vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambako baadhi ya wasanii wale wale waligeuka walimu. Uamuzi ule ulikuwa na busara yake: kuliko kuwalipa wachache, taifa lifundishe wengi. Ila hakuna aliyepanga wale wengi wangeishi vipi. Msanii wa miaka ya 1970 alikuwa na ajira bila shule. Wa miaka ya 1980 na kuendelea akapata shule bila ajira. Chuo kimekua, kikawa wakala wa Serikali kwa jina la TaSUBa mwaka 2007, na tamasha lake lililoanza mwaka 1982 linavuta vikundi kutoka nchi nyingi. Mhitimu wa mkoani bado anajitegemea kuanzia siku ya mahafali.

Tukumbuke chuo cha sanaa kinampa mwanafunzi nini mbali na masomo. Kinampa jukwaa lenye taa, stoo ya ngoma na zeze, ratiba inayomlazimisha kufanya mazoezi, na wenzake wa kufanya nao. Vyote hivyo hubaki Bagamoyo. Mwanasheria anayehitimu anaondoka na kazi yake kichwani, na akipata meza na kiti anaanza. Mwigizaji akiondoka peke yake ameacha nusu ya kazi yake nyuma, kwa kuwa tamthiliya ya watu sita haichezwi na mmoja. Aliyesomea taa na sauti za jukwaani anarudi kwenye mji ambao kumbi zake zimejengwa kwa ajili ya mikutano, semina na harusi. Uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga upo, lakini ni wa mpira na sherehe za kitaifa.

Kwa kawaida mchoraji ndiye huwahi kupata chochote. Duka jipya likifunguliwa Katandala, Majengo au Kizwite, mwenye duka anataka jina ukutani. Kazi hiyo ina hatua zake. Ukuta hupigwa msasa na kupakwa rangi nyeupe mara mbili. Uzi uliopakwa chaki huvutwa kutoka kona hadi kona, ukaachiwa uchape mstari. Herufi huandikwa kwa penseli, ndipo brashi bapa ichovywe kwenye rangi ya mafuta. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika baridi ya Juni na Julai rangi ya mafuta haikauki kama inavyokauka pwani. Mchoraji mzoefu huanza na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, na ule wa kivulini akauacha mpaka mchana. Jambo dogo kama hilo mwalimu wa Bagamoyo hana sababu ya kulifundisha. Mhitimu atalipata kwa fundi wa hapa hapa, ambaye pengine hakumaliza hata darasa la saba.

Na hapo ndipo tunapokosea. Mhitimu na fundi wa mtaani huonana kama wapinzani. Mmoja ana nadharia ya rangi na umbo, mwingine ana wateja na anajua mwenye duka yupi hulipa. Huku wakigombania ukuta mmoja, mashine za kuchapa mabango zinawapita wote wawili, maana bango la plastiki linachapwa kwa muda mfupi na mteja analiona kwenye kompyuta kabla hajalipa. Kilichobaki kwa mkono wa binadamu ni kuta za shule: ramani ya Tanzania, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, herufi na picha za madarasa ya awali, yale ambayo walimu huyaita madarasa yanayoongea. Hiyo ni kazi ya umma, inalipwa kwa fedha za umma, na ipo katika kila kata. Sijui kwa nini halmashauri iwape kazi hiyo watu wasiojua kuchora simba akafanana na simba, ilhali wahitimu wa sanaa wapo mjini wakiuza vocha.

Muziki una nafuu zaidi, na sababu yake ni ya kihistoria. Wamisionari wa Afrika waliingia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda uwanda wa Ufipa, ambamo Sumbawanga imo. Leo Jimbo Katoliki la Sumbawanga lina parokia hadi vijijini, na parokia haikosi kwaya. Ingia kwenye mazoezi ya jioni uone. Mwalimu anaandika solfa ubaoni, mistari minne. Sauti ya kwanza wanaimba, wanashika haraka, wanaanza kupiga soga. Sauti ya tatu wanarudishwa mahali pale pale, nusu mstari, mpaka mwalimu aridhike na mpito wa kutoka "la" kwenda "fa". Besi wanasubiri wameinamia simu. Kisha wote wanaunganisha, na kosa la sauti ya tatu linajitokeza upya, wanaanza tena. Mpiga kinanda hapo anaweza kuwa mtoto wa sekondari aliyefundishwa na kaka yake.

Ukitafuta katika Ufipa nzima taasisi inayomlea mwanamuziki baada ya shule, kwaya ndiyo hiyo. Ina mahali pa mazoezi, ina ala, ina wenzake wa kuimba nao, ina kalenda isiyokatika kuanzia Majilio hadi Pasaka, na ina hadhira inayojaa kila Jumapili bila tangazo. Inachokosa ni malipo. Mwalimu wa kwaya kwa kawaida hujitolea, na zawadi yake ni nauli au kitambaa cha sare. Wapo watakaosema kumtumikia Mungu hakulipwi. Sawa, lakini paroko hamwambii fundi wa paa kwamba mabati ni sadaka. Parokia ikimwajiri mhitimu mmoja wa muziki kwa nusu siku, akafundisha kwaya za vigango vyake na kuandika nyimbo zake kwa nota zisipotee, itakuwa imeokoa muziki na mwanamuziki kwa fungu moja.

Jambo hili si geni kwa Kanisa hili hili. Bujora, nje kidogo ya Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika lile lile la Wamisionari wa Afrika, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kujenga mahali ambapo kanisa, makumbusho na ngoma vinakaa uwanja mmoja. Makumbusho ya Wasukuma yaliyotokana na kazi hiyo yapo mpaka leo, na tamasha la Bulabo huwakutanisha wacheza ngoma kwa mashindano kila mwaka katika majira ya Ekaristi Takatifu. Mcheza ngoma wa Usukuma ana tarehe ya kujiandalia. Wa Ufipa hana.

Na hao Wafipa hawakuwa watu wa kupungukiwa na fani. Wanaakiolojia wanaufahamu uwanda huu kwa matanuri ya kuyeyushia chuma, malungu, marefu kiasi cha mita 3, yaliyojengwa kwa udongo na kuachwa yakisimama porini. Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyafanyia utafiti wa shahada yake ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 1995, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya chuma cha Wafipa. Mtafiti Randi Barndon wa Norway naye alifuatilia ufundi huo miongoni mwa Wafipa na Wapangwa. Kabla yao, Robert Wise alichapisha mwaka 1958 maelezo ya namna kazi ilivyofanyika na miiko iliyoambatana nayo.

Kutoka katika maandishi hayo tunajua kwamba ilungu halikuhitaji mivukuto. Mtapo na mkaa vilijazwa kwa tabaka, moto ukawashwa, na urefu wa tanuri pamoja na matundu ya chini ukavuta hewa yenyewe kwa siku kadhaa. Chuma ghafi kilichotoka kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipoingia kukisafisha kabla ya mfua chuma kukigeuza jembe au shoka. Tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi. Bwana mkubwa wa kazi alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, na bila hicho hakuna aliyethubutu kuwasha moto.

Ukiondoa miiko, tazama mpangilio wa kazi. Aliyejifunza hakuondoka kwa mwalimu wake. Walifanya kazi pamoja, kwenye moto mmoja, hadi kikapu kilipopata mrithi. Kazi ya kuchoma mkaa na kubeba mtapo ilikuwa ya watu wengi, ikiongozwa na wachache wenye ujuzi. Kazi ilikuwa na msimu wake wa kiangazi, na jembe lililotoka lilikuwa na mnunuzi kabla halijapoa, kwa sababu Ufipa ni nchi ya wakulima. Karakana, mkubwa wa fani, wenzake, msimu na soko vilikuwa kitu kimoja.

Halafu vikafa. Majembe ya kiwandani na vyuma chakavu vilikuja kwa bei ambayo ilungu halingeweza kushindana nayo, na kufikia katikati ya karne iliyopita moto ulikuwa umezimika. Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono katika Ufipa na Bonde la Rukwa kilipatwa na hatima kama hiyo mbele ya nguo za kutoka ng'ambo. Hapa pana onyo kwa sisi tunaopigia debe karakana. Wafua chuma walikuwa na walimu, walikuwa na mahali na walikuwa na bidii. Soko lilipoondoka, vyote hivyo havikuwaokoa. Kumjengea msanii banda bila kufikiria nani atanunua ni kujenga ilungu jingine la kupigiwa picha na watafiti.

Waliofanikiwa kidogo nchini walilijua hilo tangu mwanzo. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll. Ilikuwa karakana na duka kwa pamoja. Msanii alipewa vifaa, akafanya kazi ndani ya uzio, na mgeni akanunua pale pale. George Lilanga, Mmakonde aliyekuja mjini kutafuta maisha, aliingia pale kama mlinzi. Alipopewa nafasi ya kuchora, na vifaa vya kuchorea, mashetani wake wenye masikio makubwa wakaanza safari iliyofika Washington mwaka 1978, na baadaye kwenye makumbusho na nyumba za wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani. Lilanga hakuwa mhitimu wa chuo chochote cha sanaa. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa uchongaji aliokulia nao, na mlango uliokuwa wazi. Alifariki mwaka 2005 akiwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani.

Wachoraji wa Tingatinga walikwenda njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga alikufa mwaka 1972, akiwaacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na jamaa zake, wakichora kwa rangi za baiskeli chini ya mti karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1990 wakawa na ushirika. Anayeanza hupaka mandharinyuma ya picha za wakubwa, anajifunza bei, anajifunza kumsoma mteja, hadi siku anapotundika picha yenye jina lake. Unaweza kulalamika, kama wengi wanavyolalamika, kwamba tembo na chui wa Tingatinga wamefanana mno siku hizi. Ni kweli. Lakini ushirika huo umelisha familia kwa zaidi ya miaka 30 bila kungoja mfadhili, na rangi wanayotumia ni ndugu wa ile inayoandika majina ya maduka Katandala.

Zanzibar inafundisha somo chungu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi wanakiita DCMA, kilianzishwa mwaka 2001 na kikarithisha taarabu, kidumbaki na ngoma kwa vijana ambao wazazi wao wasingeweza kulipa. Wahitimu wake waliunda vikundi vyao wenyewe. Siti and the Band ni mfano ulio wazi, kikundi kilichozaliwa mwaka 2015 na kutoa albamu mwaka 2018. Walikuwa na bahati ya kuwa na Sauti za Busara mlangoni, tamasha lililoanza mwaka 2004, pamoja na hoteli zinazolipa wanamuziki usiku kwa usiku. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2019 chuo chenyewe kilitangaza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimekauka na huenda kikafunga milango. Kilinusurika. Lakini anayefikiri kwamba sanaa ya Ufipa itainuliwa na ubalozi fulani wa Ulaya akae na habari hiyo kidogo, halafu aangalie karibu.

Karibu kuna nini? Kuna sheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na ubadhirifu na urejeshaji mbovu, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Rukwa ina halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Hakuna mahali sheria inaposema kikundi cha vijana lazima kifuge kuku au kinunue bodaboda. Kikundi cha wapiga ala wanaokodisha spika na kupiga kwenye harusi ni biashara, tena biashara ambayo kamati za harusi hulipa kabla.

Ugumu uko kwenye marejesho. Fedha za Ufipa zina majira. Mahindi na maharage yakishavunwa, kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, watu wanaoa, wanajenga, wanaweka misalaba mipya kwenye makaburi ya wazee, wanafungua maduka. Mvua zikianza, fedha inaingia shambani pamoja na mbegu na mbolea, na msanii anakaa. Mkopo unaodai rejesho sawa kila mwezi unamkuta Februari hana kitu. Mkulima anapokopeshwa, wakopeshaji wenye akili husubiri mavuno. Msanii wa uwanda huu anaishi kwa mavuno yale yale, na ratiba yake ya kulipa ingefaa ifuate ghala.

Pia kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, uliofufuliwa mwaka 2022, unaokopesha wasanii kupitia benki. Ni hatua njema. Lakini msanii wa Namanyere wilayani Nkasi au Matai wilayani Kalambo anatakiwa aandike andiko la biashara, awe amesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, na awe na mtu wa kumsukumia faili. Ofisa pekee wa Serikali anayehusika na sanaa aliye karibu naye ni Ofisa Utamaduni wa halmashauri, mtu ambaye mara nyingi umma humwona akigawa vibali vya disko na kupanga ngoma za kumpokea mgeni rasmi. Ofisi hiyo ikiwa na daftari moja tu la wahitimu wa sanaa wa wilaya yake, nani amesoma nini, yuko kata gani na ana vifaa gani, nusu ya kelele zetu zingekwisha. Siku shule inatafuta wa kuchora ukuta, siku redio inatafuta sauti ya tangazo, siku halmashauri yenyewe inataka filamu fupi ya Maporomoko ya Kalambo kwa ajili ya watalii, pangekuwa na mahali pa kuuliza. Kwa sasa mpiga picha huletwa kutoka Mbeya au Dar es Salaam, analala hoteli, anakosea majina ya vijiji, na analipwa.

Haki za kazi za sanaa nazo ni msaada, ingawa hazifanani na msaada. Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 1999, na Januari 2022 Serikali iligawa mirabaha kwa wasanii ambao kazi zao zilipigwa redioni. Kwaya na wanamuziki wangapi wa Ufipa wamesajili nyimbo zao COSOTA, ofisi ya hakimiliki? Wimbo usiosajiliwa unapigwa bure, hata kama unapendwa kuanzia Laela hadi Kirando.

Nafasi kubwa kuliko zote iko shuleni. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na sanaa bunifu imo miongoni mwa fani zake. Fani bila fundi ni jina kwenye karatasi. Walimu wa sanaa ni haba nchini, lakini wahitimu wa sanaa hawana uhaba huo. Wengi hawana cheti cha ualimu, na hapo ndipo mlango unapofungwa. Ungeweza kufunguliwa kwa urahisi kama mhitimu angeingia darasani kama fundi mwalika wa saa chache kwa wiki, chini ya mwalimu mwenye leseni, akilipwa kwa saa. Mkoa una Chuo cha Ualimu Sumbawanga, una chuo cha ufundi stadi cha VETA, una Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Chala. Karakana za vyuo hivyo zina misumeno, randa na vifaa vya kuchomelea, na jioni hufungwa kwa kufuli. Mchongaji hahitaji kujengewa jengo. Anahitaji ufunguo wa saa kumi jioni hadi saa moja usiku, na utaratibu wa kulipia umeme.

Vyuo vyenyewe haviwezi kusimama pembeni. TaSUBa na idara za sanaa za vyuo vikuu hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa Rukwa anayefanya mafunzo hayo Dar es Salaam anajenga uhusiano na watu wa Dar es Salaam. Akiyafanya Sumbawanga, kwenye redio ya hapa, kwa fundi wa hapa, kwenye kwaya ya parokia kubwa, siku ya kuhitimu anarudi kwa watu wanaomjua. Gharama kwa chuo ni barua na simu ya kumfuatilia. Na tamasha la Bagamoyo lingeweza kuwa na siku ya wahitimu wa mikoani, waje na vikundi walivyoviunda, si kutoa ushuhuda wa maisha magumu bali kuonyesha kazi na kukutana na wanunuzi.

Sidai kwamba kila mhitimu lazima arudi Ufipa. Wapo watakaobaki Dar es Salaam, watapata chumba Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambako tangu mwaka 2008 wasanii hukodi studio, na watafika mbali. Waende salama. Ninayemzungumzia ni yule anayerudi, kwa kupenda au kwa kukosa nauli ya kubaki, kwa sababu huyo ndiye mkoa unaweza kumfaidi, na huyo ndiye tunampoteza kwa bei rahisi kabisa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti za halmashauri hupita kwenye vikao vya kata na baraza la madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Wahitimu wa sanaa mlioko Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, jikusanyeni watano watano, msajili kikundi, mpeleke maombi yenu kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata na nakala kwa Ofisa Utamaduni, mkieleza vifaa mnavyotaka, bei zake na wateja mlionao tayari. Na diwani utakayeletewa karatasi hiyo, usiwaulize kwanza kama wanajua kucheza ngoma siku ya mgeni rasmi. Wasomee bajeti.